Jinsi ya kukipima kituo cha uuguzi na utengamao, kabla na baada ya kumpeleka mgonjwa

Ukipiga simu kituoni, anza na swali hili: usiku wa kuamkia leo, saa nane, kulikuwa na wauguzi wangapi, wahudumu wangapi na wagonjwa wangapi? Msimamizi anayekijua kituo chake atakutajia tarakimu tatu bila kuhangaika. Asiyekijua atakwambia "watumishi huwa wanatosha". Wanatosha kufanya nini? Hapo ndipo pa kumbana.

Piga hesabu ndogo. Wodi ina wagonjwa 20, na 8 kati yao hawawezi kujigeuza. Kumgeuza mmoja, kumkagua ngozi, kumbadilisha nepi iliyolowa na kumweka sawa ni kazi ya watu wawili kwa dakika kama 10. Wagonjwa 8 ni dakika 80. Wakigeuzwa kila baada ya saa 2, wahudumu wawili wa usiku wanabaki na dakika 40 kwa ajili ya wale 12 wengine: kengele, choo, maji, aliyetapika, aliyeamka akitafuta mlango. Mhudumu mmoja akiugua, kazi ya kugeuza inakufa, maana inataka watu wawili. Jedwali la kugeuza litajazwa, mgonjwa hatageuzwa. Ndiyo maana swali la pili ni hili: mtu wa usiku asipofika, anaitwa nani, na huyo hufika baada ya muda gani?

Ukumbi wa mapokezi, maua na rangi mpya ya ukuta havikwambii lolote kuhusu saa nane ya usiku. Yanayokwambia ni ngozi ya wagonjwa, uzito wao na miguu yao: wanatembea zaidi au kidogo kuliko walivyokuja? Mwongozo huu unazunguka mambo hayo matatu.

Jua kwanza unaomba nini

Kuna mgonjwa anayekwenda kwa wiki kadhaa arudishe uwezo kisha arudi nyumbani, mathalani baada ya kiharusi, kuvunjika nyonga au upasuaji mkubwa. Huyo anahitaji utengamao: mazoezi ya viungo, mafunzo ya kujihudumia, na pengine mtaalamu wa kuongea na kumeza. Kuna mwingine anayekwenda kukaa, kwa sababu uangalizi anaouhitaji umezidi nguvu za familia. Wa kwanza umuulizie mazoezi ni siku ngapi kwa wiki, dakika ngapi, anakaa peke yake na mtaalamu au wako kundini, na mwisho wa wiki inakuwaje. Wa pili umuulizie nani atamlisha, nani atamgeuza, na watumishi hubadilika mara ngapi, kwani mtu mwenye ugonjwa wa kusahau huumizwa sana na sura mpya kila wiki.

Vituo vingi vina ubao unaosema vinatoa huduma zote mbili. Omba uonyeshwe chumba cha mazoezi saa za kazi. Ukikuta vifaa vimefunikwa vumbi na viti vya ziada vimepangwa juu yake, umeshajibiwa.

Ziara mbili, mojawapo bila taarifa

Ya kwanza nenda kwa miadi, uongee na msimamizi. Ya pili nenda jioni au mwisho wa wiki, wakati wa chakula, bila kupiga simu. Kama hukuruhusiwa kuingia vyumbani, sawa, wagonjwa wana haki ya faragha yao. Lakini kituo kinachokuzuia hata kuona ukumbi wa chakula kina la kuficha.

Anza na pua. Harufu ya mkojo kando ya kitanda kimoja ni ajali iliyotokea sasa hivi, na hilo ni la kawaida mahali pa kazi hii. Harufu iliyotanda korido nzima na bado ipo ukirudi baada ya saa moja imeingia kwenye magodoro na viti: wagonjwa wanakaa wakiwa wamelowa. Manukato makali yaliyopulizwa kila mahali nayo yakutie shaka.

Kisha angalia saa. Kengele ya kumwita mhudumu ikilia, hesabu dakika mpaka mtu aingie chumbani. Chini ya dakika 5 ni huduma nzuri. Ikiwa kila mara inapita 10, jua kwamba wagonjwa wameacha kungoja na wanajaribu kwenda chooni wenyewe, na huko ndiko wanakoangukia. Angalia pia kengele iko wapi. Mara nyingi utaikuta imening'inia nyuma ya kitanda, au imewekwa upande wa mkono uliopooza, jambo ambalo ni sawa na kutokuwa nayo. Glasi ya maji nayo ipime hivyo hivyo: mgonjwa anaifikia akiwa amelala?

Tazama mikono ya wahudumu wanapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kunawa kwa sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60. Kupaka dawa ya mikono yenye spiriti, sekunde 20 hadi 30. Kosa tunaloliona sana ni glavu zilezile kuzunguka vitanda vitatu, mhudumu akidhani amejikinga. Amejikinga yeye, vijidudu anavitembeza.

Saa nne asubuhi wagonjwa wako wapi? Wakiwa wote bado kitandani na nguo za kulalia, hapo hakuna utengamao, haidhuru ubao unasema nini. Angalia kucha, miwani kama imefutwa, meno ya bandia kama yamo mdomoni wakati wa kula au yamebaki kwenye kikombe.

Jambo moja lisikupite: watu waliofungwa. Mkanda kiunoni, meza iliyofungiwa mbele ya kiti, reli za kitanda zilizopandishwa pande zote mbili kwa mtu anayeweza kutembea. Utaambiwa ni kwa usalama wake. Mtu aliyechanganyikiwa huikwea reli na kuanguka kutoka juu zaidi, au hunaswa kati ya reli na godoro. Aliyefungwa kitini mchana kutwa hupoteza nguvu za miguu upesi, na akifunguliwa anaanguka kweli. Kitanda kinachoshuka karibu na sakafu, taa ndogo ya usiku, viatu visivyoteleza na ratiba ya choo huzuia maanguko mengi zaidi kuliko mkanda.

Ngozi

Uliza hivi, kwa maneno haya haya: leo mna wagonjwa wangapi wenye vidonda vya kitandani, na wangapi kati yao walivipatia hapahapa? Tarakimu ya kwanza peke yake haitoshi, kwani kituo kizuri kinaweza kupokea wagonjwa waliokuja na vidonda tayari. Ya pili ndiyo yake.

Kidonda cha kitandani huanza pale mfupa unapoibana ngozi dhidi ya godoro mpaka damu isipite: mfupa wa mkia, visigino, nyonga, viwiko, kisogo. Dalili ya kwanza ni wekundu usioondoka. Bonyeza kwa kidole sekunde chache, achia. Ngozi ikigeuka nyeupe kisha ikarudi kuwa nyekundu, damu bado inapita. Ikibaki nyekundu wakati wote, kidonda kimeshaanza hata kama ngozi haijapasuka. Kwa ngozi nyeusi kipimo hiki hudanganya, maana wekundu hauonekani. Hapo tumia mgongo wa mkono: papase uone kama pana joto au ubaridi kuliko pembeni, pagumu au palaini isivyo kawaida, panauma, au pamekuwa na rangi iliyoiva zaidi, ya zambarau. Muulize muuguzi anavyokagua ngozi nyeusi. Akikujibu "tunaangalia wekundu", kuna kazi.

Kugeuza kila baada ya saa 2 ndiyo kanuni ya kuanzia, kisha mpango hurekebishwa kulingana na godoro na hali ya ngozi. Mgonjwa aegemezwe upande kwa pembe kama ya nyuzi 30, mto ukimshika mgongoni. Akilazwa ubavu kamili, uzito wote unaangukia nyonga moja. Visigino vielee hewani: mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, usiwekwe chini ya kisigino. Aliyekaa kitini naye anahesabiwa. Watu humtoa mgonjwa kitandani, wakamweka kitini saa nne mfululizo na kuona wamemsaidia, wakati makalio yanabeba uzito zaidi kuliko yalivyobeba kitandani. Asiyeweza kujisogeza asikae zaidi ya saa moja bila kusogezwa.

Kichwa cha kitanda kikiinuliwa zaidi ya nyuzi 30 kwa muda mrefu, mwili huteleza kwenda chini huku ngozi imeng'ang'ania shuka. Mvutano huo huchana mishipa midogo ndani, na kidonda chake huwa na kina kirefu. Wakati wa kula kichwa lazima kiinuliwe, hilo halina mjadala. Kikishushwa, kishushwe baada ya chakula kutulia. Usikubali mto wa duara wenye tundu katikati: unabana damu kuzunguka sehemu ileile unayotaka kuiponya. Wala sehemu iliyoanza kuiva isichuliwe.

Godoro la hewa lina makosa yake. Mashine imezimika, au imewekwa kwa uzito wa mtu mwingine, na hakuna aliyegundua. Pitisha kiganja chini ya godoro, usawa wa makalio ya mgonjwa. Ukihisi mfupa umekaribia mkono, hewa iliyobaki ikiwa chini ya sentimita 2.5, godoro halifanyi kazi. Na likishawekewa shuka tatu, blanketi na nailoni juu yake, fedha ya godoro imepotea.

Sasa omba kuona jedwali la kugeuza la mgonjwa wako. Sahihi zilizopangwa saa mbili kamili, saa nne kamili, saa sita kamili, kwa kalamu moja na mwandiko uleule kuanzia jioni mpaka asubuhi, ziliandikwa kwa mkupuo mmoja. Kazi ya kweli ina alama za kazi: saa nne na dakika 20, saa sita na dakika 35, sahihi mbili tofauti.

Chakula, maji na koo

Mgonjwa apimwe uzito siku anayoingia, kisha kila wiki kwa wiki 4 za kwanza, halafu kila mwezi. Mizani iwe moja, nguo zikaribiane, saa iwe ileile. Kupungua kwa asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi 6, ni jambo la kumwita daktari. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 3 kwa mwezi, au 6 kwa miezi 6. Kama ana moyo mbovu na miguu imevimba, mizani inaweza kukudanganya: maji yanapanda huku nyama ikiisha. Pima pia kwa jicho, mabega na mapaja.

Sababu za kukonda mara nyingi ni ndogo kuliko unavyodhani. Meno ya bandia hayakai sawasawa. Sahani imewekwa mbali. Kifuniko cha kikombe hakifunguki kwa mkono mmoja. Au mhudumu mmoja anawalisha wanne kwa zamu, na sahani za wale wanaokula polepole zinaondolewa zikiwa nusu. Mtu mwenye shida ya kumeza anaweza kuhitaji dakika 30 na zaidi kwa mlo mmoja. Kaa ukumbini mlo mmoja mzima uone sahani zinarudi jikoni na nini.

Mlishaji anayeijua kazi yake utamtambua kwa mkao. Ameketi, macho yake yako usawa wa macho ya mgonjwa. Mgonjwa ameketi wima, nyuzi 90 au karibu yake. Kijiko kidogo, na cha pili hakiji mpaka mdomo uwe mtupu. Baada ya mlo, mgonjwa anabaki wima angalau dakika 30. Anayelisha akiwa amesimama humlazimisha mgonjwa kuinua kidevu, na kidevu kikiinuka njia ya hewa inafunguka.

Kikohozi wakati wa kunywa, sauti yenye majimaji kama ya kusukutua, macho kutokwa machozi mezani, au homa ya kifua inayorudi kila baada ya muda: hayo yanataka mtaalamu wa kumeza. Wapo wanaopitiwa na chakula hadi mapafuni bila kukohoa hata mara moja, kwa hiyo ukimya si cheti. Mtaalamu akiagiza vinywaji vizitishwe, uzito wa kinywaji hupimwa kwa kipimo kilichoandikwa. Upo mfumo wa kimataifa wa ngazi kuanzia 0 hadi 7 kwa vinywaji na vyakula. Ngazi yake iandikwe kitandani. Unga wa kuzitisha ukitiwa kwa kukisia, zamu ya asubuhi itampa maji na ya jioni itampa gundi, na gundi hainyweki, hivyo ataishia kukaukiwa maji.

Mdomo usafishwe mara mbili kwa siku, hata kwa asiyekula kwa mdomo. Vijidudu vinavyoleta nimonia kwa wagonjwa hawa mara nyingi hutoka mdomoni. Ni kazi ya dakika tano, nayo ndiyo ya kwanza kurukwa zamu ikielemewa.

Maji: lita 1.5 kwa siku ni kiasi cha chini cha kulenga, isipokuwa daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Mkojo wa rangi iliyokolea, midomo mikavu na kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla ni dalili za kuzichukulia hatua siku hiyohiyo.

Dawa

Peleka orodha moja iliyoandikwa, yenye jina la dawa, kiasi, saa na sababu. Dawa nyingi zisizo na sababu iliyoandikwa huendelea kutolewa kwa miaka kwa kuwa hakuna anayethubutu kuziondoa. Anayetumia aina 5 au zaidi aombewe mapitio ya daktari ndani ya wiki za mwanzo.

Uliza vidonge vinasagwa vipi kwa asiyeweza kumeza. Dawa zilizotengenezwa kuachia nguvu taratibu zikisagwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Mwenye kisukari asichomwe insulini ya chakula wakati chakula hakijafika wodini. Chakula kikichelewa, sukari inaporomoka. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, dawa yake ina saa yake, na kuchelewa hata nusu saa kunaweza kumgandisha asiweze kula wala kusimama. Kituo kinachogawa dawa zote kwa mkokoteni mmoja saa mbili, saa nane na saa mbili kinahitaji kukuonyesha kitakavyomhudumia huyo.

Na dawa za kutuliza. Mgonjwa aliyekuwa mchangamfu akianza kusinzia mchana kutwa, udenda ukimtoka, uliza siku hiyohiyo kama kuna dawa mpya. Dawa za magonjwa ya akili zikitumika kumtuliza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huongeza hatari ya kiharusi na ya kifo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kali juu ya hatari hiyo ya kifo mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaipanua ihusu hata zile za zamani. Zipo nyakati zinapofaa, kwa muda mfupi na kwa dozi ndogo. Lazima iwepo sababu iliyoandikwa, ridhaa ya familia na tarehe ya kujaribu kuziacha. Mzee anayepiga kelele saa kumi na moja jioni huenda ana njaa, ana mkojo, au anaumwa na hawezi kusema. Hayo yatafutwe kwanza.

Mazoezi, na zile saa 23 zilizobaki

Ndani ya siku 2 au 3 za kwanza mtaalamu ampime mgonjwa na kuandika tarakimu, la sivyo hakuna atakayejua kama amepiga hatua. Vipimo ni vyepesi. Kimojawapo hutoa alama 0 hadi 100 kwa mambo 10 ya kila siku, kama kula, kuoga, kuvaa na kwenda chooni, nacho huitwa Kipimo cha Barthel. Kingine: mgonjwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Sekunde 12 au zaidi ni alama ya hatari ya kuanguka. Rudia baada ya wiki 2, ulinganishe.

Lengo nalo liandikwe kwa namna ya kupimika. "Kuimarisha mwili" halipimiki. "Ndani ya wiki 2 atatoka kitandani hadi kitini kwa msaada wa mtu mmoja" linapimika, na likishindikana unaweza kuuliza kwa nini.

Linaloharibu mambo sana ni hili. Mtaalamu humfanyisha mgonjwa dakika 30 au 45, akamwachia maagizo kwamba atembee na fremu ya kutembelea mpaka chooni. Akishaondoka, mhudumu mwenye haraka humpakia kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa kumsukuma ni dakika 1 na kumtembeza ni dakika 8. Ikiwa hivyo kutwa mara tano, lile zoezi la asubuhi limekuwa maonyesho. Uliza wahudumu wamefundishwa nini na mtaalamu, kisha uje mwenyewe saa ya choo uone.

Mambo ya kutazama kwa macho:

Fremu ya kutembelea ina urefu wake. Mgonjwa asimame wima, mikono ikining'inia. Vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono, ili akivishika kiwiko kikunje kidogo. Fremu ndefu humpandisha mabega, fupi humwinamisha. Bakora moja hushikwa mkono wa upande wa pili wa mguu mbovu, na wengi huikosea.

Aliyepooza upande mmoja asivutwe kwa mkono uliopooza, wala asiinuliwe kwa kushikwa makwapani. Misuli iliyolegea haishiki bega, nalo huteguka kidogokidogo mpaka linakuwa maumivu ya kudumu. Akikaa, mkono huo ulazwe juu ya mto au meza. Anyanyuliwe kwa mkanda wa kunyanyulia unaovaliwa kiunoni au kwa mashine ya kunyanyulia. Kuvaa shati, mkono mbovu unatangulia. Kuvua, unakuwa wa mwisho. Mhudumu anayefanya hivyo bila kuambiwa amefundishwa.

Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, kwa kawaida husimamishwa siku inayofuata ikiwa daktari hakukataza. Kama daktari amempa masharti, mathalani asikunje nyonga kupita nyuzi 90 au asikutanishe miguu, yaandikwe ukutani juu ya kitanda na kiti cha choo kiinuliwe. Dawa ya maumivu ya vidonge itolewe dakika 30 hadi 60 kabla ya mazoezi. Mgonjwa "anayekataa mazoezi" mara nyingi ni mgonjwa anayeumwa.

Kuhusu mpira wa mkojo: uliza kila unapofika kwa nini bado upo. Kila siku inayoongezeka huleta nafasi ya maambukizi, na urahisi wa wahudumu si sababu. Ukiwepo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa.

Karatasi

Mkataba usome nyumbani, usiusome mezani kwa mhasibu. Tafuta yaliyo nje ya ada: nepi, mazoezi, oksijeni, vifaa vya vidonda, kufua, usafiri wa hospitali, msindikizaji. Tafuta kitanda kinatozwaje mgonjwa akilazwa hospitalini wiki moja. Tafuta taarifa ya kuondoka ni siku ngapi na salio linarudi lini. Omba leseni na ripoti ya ukaguzi wa mwisho wa serikali, kama mamlaka ya mahali pako hufanya ukaguzi. Kosa lililoandikwa kwenye ripoti na kurekebishwa halinitishi. Linalojirudia ripoti tatu mfululizo linanitisha.

Siku ya kuingia

1. Kagua mwili mzima pamoja na muuguzi, kisogo mpaka visigino. Kila kidonda, jeraha au alama iandikwe kwa mahali na kwa sentimita, ipigwe picha, mtie sahihi wote wawili. Bila hiyo, baadaye kila upande utasema kidonda kilitoka upande mwingine.

2. Pima uzito, uuandike kwenye daftari lako pia.

3. Andika jina kwenye miwani, meno ya bandia, kifaa cha kusikia na kila nguo. Meno hupotelea kwenye shuka za kufua na kwenye tishu ya trei ya chakula. Kifaa cha kusikia hutupwa na taka. Mgonjwa asiyesikia huandikwa "amechanganyikiwa", na kuanzia hapo hatibiwi kama mtu mwenye akili zake.

4. Kabidhi ukurasa mmoja wenye mambo ambayo faili halisemi: anaitwa jina gani, huamka saa ngapi, anaogopa nini, anapenda kulalia upande upi, huonyeshaje kuwa anataka choo.

5. Uliza jina la muuguzi anayesimamia huduma yake na siku ya kikao cha kwanza cha mpango wa huduma. Kikao kisichokuwa na tarehe hakitafanyika.

Baada ya hapo

Tembelea kwa saa zisizotabirika. Kila mara angalia visigino, mdomo, glasi ya maji na viatu. Dakika 3 zinatosha. Andika tarehe, saa na ulichokiona. Ukiwa na lalamiko, anza kwa muuguzi wa zamu siku hiyohiyo, kwa mdomo na kwa adabu, maana mengi huishia hapo. Lisipoisha, mwandikie msimamizi: tarehe, saa, kilichotokea, unachotaka kifanyike, lini. "Hamumjali mama yangu" humfanya msomaji ajitetee. "Tarehe 4, saa tatu asubuhi, nepi ilikuwa imelowa mpaka shukani, jedwali lilionyesha imebadilishwa saa kumi na mbili" humlazimisha afungue jedwali.

Mgonjwa akianguka, una haki ya kujua saa ngapi, mahali gani, alikuwa akienda wapi, na nini kimebadilishwa ili isijirudie. Aliyegonga kichwa huku anatumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri. Shinikizo la damu lipimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama: tarakimu ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, huenda anaanguka kwa sababu ya kizunguzungu cha kuinuka, na dawa zake ziangaliwe upya.

Uso ulioegemea upande mmoja, mkono ulioishiwa nguvu au maneno yaliyovurugika ni gari la hospitali mara moja, na saa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho iandikwe. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au leo si uzee. Hicho ni kitu kingine: mkojo wenye maambukizi, kifua, dawa mpya, kukosa choo, maji kidogo. Asubiriwe daktari wa wiki ijayo? Hapana.

Kwa aliyekwenda kwa utengamao, mipango ya kurudi nyumbani ianze wiki ya kwanza. Pima upana wa milango yenu na wa kiti chake cha magurudumu, hesabu ngazi, pima urefu wa kitanda na wa choo, mpelekee mtaalamu tarakimu hizo ili amfanyishe mazoezi ya vitu hivyo hasa. Yule atakayemhudumia nyumbani afike kituoni angalau mara mbili amnyanyue, amwogeshe na kumpa dawa mbele ya muuguzi. Siku ya kutoka chukua orodha mpya ya dawa yenye maelezo ya kilichoongezwa na kilichoachwa, tarakimu za vipimo vya mwanzo na vya mwisho, uzito wa siku hiyo, na karatasi ya ukaguzi wa ngozi kama ile mliyotia sahihi alipoingia. Mkague tena mwili mzima kabla hajavaa, muuguzi akiwepo.